SOMO LETU: UWIANO – KIPIMO KIDOGO, MATOKEO MAKUBWA



Somo letu safari hii ni la hesabu, lakini tunaomba msigeuze ukurasa. Ni hesabu ambayo kila mmoja wetu huifanya kila siku bila kuiita hesabu. Fundi wa baiskeli anaifanya, mwashi anaifanya, na mama anayemnywesha mtoto mwenye kuhara anaifanya pia. Mmoja akikosea, baiskeli inakuwa nzito. Mwingine akikosea, mtoto anaweza kufa. Kwa hiyo tusome pamoja, polepole. Mwishoni kuna mazoezi na majibu yake.

1. UWIANO NI NINI?

Tuanzie jikoni. Mama amezoea kupika ugali (jirani zetu Wamalawi husema nsima, wengine wetu husema bugali) kwa watu wanne. Anatia vikombe vitatu vya maji na vikombe viwili vya unga. Leo wamefika wageni wanne zaidi. Atafanya nini? Akiongeza maji peke yake, atapata uji. Akiongeza unga peke yake, atapata mabonge yasiyoiva. Ataongeza vyote viwili, maji vikombe sita na unga vikombe vinne, na ugali utakuwa uleule.

Hapo ndipo penye uwiano. Kiasi kimebadilika, lakini uhusiano kati ya maji na unga umebaki palepale: sehemu 3 za maji kwa sehemu 2 za unga. Kwa kuandika tunasema 3:2, na tunasoma “tatu kwa mbili”.

Yashikeni mambo mawili:

(a) Uwiano hautegemei chombo. Waweza kupima kwa kikombe, kwa ndoo au kwa kofia, mradi chombo ni kimoja kwa vitu vyote.

(b) Ukibadilisha upande mmoja wa uwiano bila kubadilisha wa pili, umetengeneza kitu kingine. Hata kama kinafanana na cha kwanza kwa macho, kazi yake si ileile.

2. PAKITI MOJA, LITA MOJA

Msimu mmoja wa mvua, katika kutembelea nyumba, niliingia kwa mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa akihara tangu jana yake. Mama huyu hakuwa mzembe. Alikuwa amekwenda kuchukua pakiti za ORS (ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaijua kama SRO, na hapa Malawi wengi huiita Thanzi), na alikuwa akimnywesha mtoto kwa kijiko kwa uvumilivu mkubwa. Lakini mtoto alizidi kulegea, na kiu yake ilikuwa kali.

Nikamwuliza, “Mama, umechanganya kwa maji kiasi gani?”

Akanionyesha chupa ndogo ya maji, ile ya nusu lita. “Pakiti nzima nimetia humu, mwanangu. Nilidhani ikiwa kali itamponya haraka.”

Pakiti ilikuwa imeandikwa lita moja. Tulimwaga ile dawa, tukatengeneza nyingine kwa kipimo, tukampeleka mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo. Alipona. Lakini maneno ya yule mama sikuyasahau, kwa sababu nimeyasikia katika nyumba nyingi tangu hapo: ikiwa kali itaponya haraka. Ndiyo sababu ya somo hili.

Kwa nini ikiwa kali haiponyi? Fanyeni jaribio dogo. Katakata nyanya na vitunguu vya kachumbari, nyunyiza chumvi nyingi, uache kwa dakika chache. Utakuta maji chini ya bakuli. Hukuyatia wewe. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya nyanya. Maji hutoka mahali penye ukolezi mdogo na kwenda mahali penye ukolezi mkubwa.

Ndivyo ilivyo tumboni. ORS inayotumika tangu mwaka 2002 kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani ina ukolezi wa 245 katika kipimo wanachotumia madaktari. Damu yetu ina ukolezi wa karibu 290. Kwa kuwa dawa ni nyepesi kidogo kuliko damu, maji yake huingia mwilini kwa urahisi. Sasa tia pakiti ileile katika nusu lita. Vitu ni vilevile, maji yamepungua nusu, kwa hiyo ukolezi unakuwa mara mbili: 490. Hapo dawa ni nzito kuliko damu, na utumbo unafanywa kama ile kachumbari. Maji yanatoka mwilini na kuingia tumboni, na mtoto anazidi kuhara. Tena chumvi ikizidi katika damu, mtoto anaweza kupata degedege.

Je, tukitia lita mbili? Hapo dawa ni hafifu. Mtoto anayehara hupoteza maji pamoja na chumvi, na dawa hafifu hairudishi chumvi ya kutosha.

Jambo jingine ni sukari. Wengi hudhani sukari imewekwa ili mtoto apende ladha. Sivyo. Katika ukuta wa utumbo kuna vijilango ambavyo hupitisha sukari aina ya glukosi na sodiamu ya chumvi vikiwa pamoja, na maji hufuata nyuma yao. Kipindupindu hakivifungi vijilango hivi, hata pale mtu anapohara kama bomba. Katika ORS ya sasa, lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na chumvi nyingine mbili. Kwa mizani glukosi ni nyingi zaidi, lakini ukihesabu chembe kwa chembe, glukosi na sodiamu ni sawa: 75 kwa 75. Hiyo ndiyo siri ya pakiti, na siri hiyo ni uwiano.

3. UWIANO ULIOOKOA WAKIMBIZI

Dawa hii ilionyesha nguvu yake kambini, kwa watu kama sisi.

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwakimbiza mamilioni ya watu kuingia India. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka, kipindupindu kilizuka. Daktari mmoja kutoka Kolkata, Dilip Mahalanabis, alikuta wagonjwa wamelala sakafuni na chupa za maji ya kutundikwa mshipani zinakwisha. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba dripu pekee ndiyo tiba, ingawa majaribio yaliyotangazwa mwaka 1968 kutoka Dhaka yalikuwa yameonyesha kwamba maji ya sukari na chumvi yakinywewa hufanya kazi.

Mahalanabis na wenzake wakaamua kupima. Kwa kila lita ya maji walitumia gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya meza na gramu 2.5 za magadi ya kuokea. Vitu vilipimwa kwa mizani huko Kolkata, vikafungwa katika mifuko ya plastiki, vikapelekwa kambini na kuchanganywa katika mapipa yenye bomba. Ndugu wa wagonjwa, akina mama, akina baba na dada, ndio waliochota kwa vikombe na kuwanywesha.

Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kati ya wale zaidi ya 3,000 waliotibiwa kwa njia hii, waliokufa walikuwa chini ya 4 katika kila 100. Mwaka 1978 jarida la madaktari la Uingereza, Lancet, liliandika kwamba huenda ugunduzi huo ndio mkubwa kuliko yote ya tiba katika karne ile. Dakt. Mahalanabis alifariki mwaka 2022.

Wengine wetu hatuhitaji kuhadithiwa kipindupindu ni nini. Kuna waliokuwa Goma Julai 1994. Na hapa Malawi, mlipuko ulioanza Machi 2022 uliua zaidi ya watu 1,700 kabla haujatulia mwaka 2023. Tiba ya kwanza ni ileile ya Bangaon: maji, sukari na chumvi kwa uwiano wake.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kama una pakiti:
– Nawa mikono kwa sabuni.
– Soma pakiti inataka maji kiasi gani. Nyingi ni za lita moja.
– Pima lita kamili ya maji safi. Chupa ya mafuta ya kupikia ya lita moja, iliyooshwa vizuri, inafaa. Chupa ya nusu lita ijaze mara mbili.
– Tia pakiti nzima. Usigawe pakiti, kwa kuwa huwezi kujua chumvi imebaki upande gani.

Kama huna pakiti:
– Maji safi lita 1.
– Sukari vijiko 6 vya chai, vilivyosawazishwa kwa kisu.
– Chumvi nusu kijiko cha chai, iliyosawazishwa vilevile.

Angalieni uwiano: sukari 6 kwa chumvi nusu ni sawa na 12:1. Kijiko cha mlima si kijiko cha kusawazisha, maana mlima unaweza kuwa karibu mara mbili. Onja kabla ya kumpa mtoto: isiwe na chumvi kuliko machozi.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila akiharisha, na mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya. Dawa iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Mtoto akilegea, akiwa na damu kwenye choo, akitapika kila anachokunywa au akishindwa kunywa, mpelekeni kituo cha afya mara moja, huku mkimnywesha njiani.

4. KLORINI: KUIPUNGUZA NGUVU KWA HESABU

Dawa ya klorini ya kufulia inayouzwa madukani hapa kambini na Lilongwe huandikwa asilimia kwenye chupa, kwa mfano 3.5%. Maana yake, katika kila sehemu 100 za dawa, klorini ni sehemu tatu na nusu. Nguvu hiyo haifai kwa kila kazi.

Kwa kusafisha choo, sakafu na ndoo ya mgonjwa wa kipindupindu inatakiwa 0.5%. Kwa kunawa mikono, pale ambapo hakuna sabuni, inatakiwa 0.05%, yaani hafifu mara kumi.

Kanuni ni hii: gawanya nguvu uliyonayo kwa nguvu unayotaka, kisha toa moja. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa.

Mfano: 3.5 ÷ 0.5 = 7. Toa 1, inabaki 6. Kwa hiyo kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 6 vya maji.

Ukitaka ya mikono, chukua kikombe 1 cha mchanganyiko huo na uongeze vikombe 9 vya maji safi.

Kwa nini tunatoa moja? Kwa sababu dawa yenyewe nayo ni sehemu mojawapo ya zile saba. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea.

Onyo: Usichanganye klorini na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, hewa itokayo ni sumu. Na klorini ya maji ya kunywa ni habari nyingine. Vidonge vipo vya ukubwa mbalimbali: vingine ni vya jerikeni ya lita 20, vingine ni vya chombo kidogo. Soma kwanza, tia, koroga, subiri dakika 30 ndipo unywe.

5. ZEGE: MAJI YAKIZIDI, NGUVU INAPUNGUA

Mwashi anayetengeneza slabu ya choo hutumia mara nyingi uwiano wa 1:2:4, yaani ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Wengi wanaujua uwiano huo. Wanachosahau ni maji. Zege likiwa gumu kukoroga, kijana anamwaga maji zaidi ili kazi iwe nyepesi.

Mwaka 1918 Mmarekani Duff Abrams alionyesha kwamba nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji na saruji: maji yakizidi, nguvu inashuka. Maji yasiyotumiwa na saruji hukauka baadaye na kuacha vijitundu ndani. Kipimo kizuri cha kukumbuka ni nusu kwa uzito: mfuko wa kilo 50, maji lita 25 hivi, na pungufu ikiwa mchanga una unyevu. Slabu ya choo inasimamiwa na watoto na wazee, na chini yake kuna shimo. Tusiipunguze nguvu ili kupumzisha mikono ya koleo.

6. PAMPU NA BAISKELI: UNACHOPATA NA UNACHOLIPA

Mpaka hapa tumeona uwiano wa kuchanganya. Katika mashine kuna uwiano mwingine, wa kubadilishana nguvu na mwendo.

Tazameni pampu ya mkono aina ya Afridev. Pampu hii ina asili yake hapahapa Malawi. Ilianza kama Maldev mwaka 1981, ikaboreshwa nchini Kenya, na ikaundwa ili wanakijiji wenyewe waweze kuitengeneza kwa vifaa vichache. Mpini wake ni wenzo, una upande mrefu wa kushika na upande mfupi unaovuta fimbo ya pampu. Tuseme upande mrefu ni sentimita 120 na mfupi ni 30. Uwiano ni 4:1. Ukisukuma kwa nguvu ya kilo 10, fimbo inavutwa kwa nguvu ya kilo 40. Lakini malipo yapo: mkono wako unasafiri sentimita 40 ili fimbo ipande 10 tu.

Sasa mtoto akishika mpini katikati, kwenye sentimita 60, uwiano unakuwa 2:1 na atahitaji nguvu mara mbili. Ndiyo maana huuning'inia. Mfundisheni kushika mwishoni, pampu nayo itadumu.

Baiskeli ni hivyohivyo. Hesabu meno ya mbele, penye pedeli, na meno ya nyuma. Ikiwa mbele kuna 44 na nyuma 22, uwiano ni 2:1, na pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili. Gurudumu kubwa la kawaida lina mzingo wa karibu mita 2.2, kwa hiyo unasogea mita 4.4. Ukiweka ya nyuma yenye meno 16, uwiano unakuwa 44 ÷ 16 = 2.75, na unasogea kama mita 6.

Kijana mmoja wa kabaza alibadilisha ya nyuma akaweka ndogo ili awapite wenzake barabarani. Tambarare alikwenda kama upepo. Siku alipopakia gunia la mahindi kupanda kuelekea milima ya Dowa, alishuka akasukuma. Fundi aliyemrudishia ile ya zamani alimwambia, “Mdogo wangu, baiskeli haikupi kitu bure. Ukichukua mwendo, utalipa nguvu.”

Huu unaitwa uwiano wa kinyume: kimoja kikipanda, kingine kinashuka. Ni sheria moja kwa pampu, baiskeli, cherehani ya miguu na mkanda wa mashine ya kusaga. Kabla ya kubadilisha, jiulize kazi yako inataka mwendo au inataka nguvu.

7. MAZOEZI

Fanyeni pamoja na watoto nyumbani.

1. Una vijiko 12 vya sukari. Utahitaji chumvi kiasi gani, na maji lita ngapi, kutengeneza maji ya kunywesha mgonjwa?

2. Una klorini ya 3.5%. Unataka lita 14 za mchanganyiko wa 0.5%. Utachukua klorini lita ngapi na maji lita ngapi?

3. Una ndoo 3 za saruji na unatumia 1:2:4. Mchanga ndoo ngapi? Kokoto ndoo ngapi?

4. Baiskeli ina meno 48 mbele na 16 nyuma, na mzingo wa gurudumu ni mita 2.2. Pedeli ikizunguka mara moja, unasogea mita ngapi?

5. Viwango vya kimataifa vya misaada vinasema bomba moja lihudumie watu 250, kila mtu apate lita 15 kwa siku. Bomba likitoa lita 7.5 kwa dakika, lifunguliwe muda gani kwa siku?

MAJIBU: (1) Chumvi kijiko 1, maji lita 2. (2) Klorini lita 2, maji lita 12. (3) Mchanga 6, kokoto 12. (4) 48 ÷ 16 = 3; 3 × 2.2 = mita 6.6. (5) 250 × 15 = lita 3,750; 3,750 ÷ 7.5 = dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20. Sasa hesabuni watu wanaotumia bomba lenu, mjue kwa nini foleni ni ndefu.

KUMBUKENI

– Pakiti moja ya lita moja: maji lita moja, si pungufu, si zaidi.
– Sukari vijiko 6, chumvi nusu kijiko, maji lita 1.
– Klorini 3.5%: kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, kwa kusafishia tu.
– Saruji mfuko 1: maji lita 25 hivi.

Mkikatalo sehemu hii ya chini, ibandikeni karibu na ndoo ya maji. Na anayejua kusoma amsomee jirani asiyejua, maana kipimo kikijulikana na mtu mmoja tu nyumbani, siku akienda Lilongwe hakipo tena.